Mke Mwenza wa Utani

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la juma lililopita ulifungia vitumbua kabla hujafika ukurasa huu, nikuvute mkono kidogo. Mimi ni Maulida, mama Ashrafu, Mzaramo wa Kurui niliyeolewa nikahamia Kibaha. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli. Harusi, kipaimara, arobaini, chochote chenye watu na njaa. Mume wangu Mwishehe ana kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, na ndiko kanakobeba masufuria yangu. Bila kagari hako mimi ni mwanamke mwenye mwiko tu.

Halafu yupo Recho. Mnyamwezi wa Urambo, mpambaji wa kumbi, jirani yangu wa nyumba ya pili pale Maili Moja. Mimi napika, yeye anapamba, Mwishehe anabeba vya wote wawili. Na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, Recho alizoea kumwita Mwishehe "mume wangu" na mimi "mke mwenzangu", popote pale, na watu wanacheka.

Niliwaacha ukumbini, mama wa bibi harusi aliposhika kipaza sauti akamshukuru "Recho na mpishi wake".

Mpishi wake. Masufuria yangu, kuni zangu, moshi machoni mwangu, halafu mimi mwenyewe ni mali ya Recho.

Mmenitumia ujumbe wengi. Dada mmoja wa Mlandizi kaniambia wivu utanimaliza. Mwingine kaniambia kikulacho ki nguoni mwako, nifumbue macho. Nawashukuru wote wawili, ila mliandika mmechelewa. Mambo yalishaharibika, na niliyaharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tuliporudi nyumbani siku ile nilimuuliza Mwishehe kama amesikia nilivyoitwa. Akasema yule mama kasema tu, hakukusudia. Nikamuuliza mbona wateja siku hizi wanampigia simu Recho kwanza. Akasema labda simu yangu haipatikani. Nikamuuliza mbona viti vya Recho vikilegea anavigongelea misumari siku hiyohiyo, na mlango wa jiko langu unaning'inia tangu Ramadhani. Hapo akanigeuzia mgongo akalala.

Ndivyo alivyo. Kwangu anaongea utadhani analipia kila neno. Kwa Recho anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Asubuhi ikaja simu. Shangazi Biubwa wa Vihingo amefariki. Huyu ndiye aliyemlea Mwishehe tangu alipoachwa na mama yake, kwa hiyo ule ulikuwa msiba wa mama mkwe wangu. Nikafungasha masufuria, nikabeba gunia la mchele, nikajifunga kanga mbili kiunoni. Kutoka nje, namkuta Recho amekaa kiti cha mbele cha kirikuu.

Kiti cha mbele kiko kimoja tu ukiondoa cha dereva.

"Mke mwenzangu, pole na msiba," akasema. "Panda huko nyuma. Mke mkubwa analinda mali, mke mdogo analinda mume."

Vijana wa bodaboda wakacheka. Mwishehe akatabasamu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Mtani hakatazwi. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya gunia, na vumbi la njia ya Kisarawe nikalila lote peke yangu. Kila gari lilipopunguza mwendo nilikuwa nainama kuchungulia kwenye kioo kidogo cha nyuma ya dereva. Niliona kichwa cha Recho kimeelekea kwa mume wangu, midomo inacheza. Sikusikia neno hata moja, lakini moyoni nilijitungia yote.

Vihingo tulikuta watu wamejaa. Wanaume wakazika baada ya adhuhuri. Wanawake tukabaki jikoni, mimi nikasimamia mafiga, maana mke wa nyumba ni mimi na kupika ni kazi yangu. Wali ukaiva, nyama ikaiva, wenye njaa wakaanza kutafuta mkeka wa kukaa.

Ndipo Recho alipotoka chumbani kwa marehemu.

Alikuwa amevaa kanga za shangazi Biubwa, kajifunga kitambaa chake kichwani, kashika mkongojo wake. Alikuwa akichechemea mguu wa kushoto vilevile alivyochechemea bibi yule. Akakohoa kikohozi chake. Akamgombeza kuku kwa sauti yake. Wanawake waliokuwa wanalia wakaangua kicheko machozi yakiwa bado mashavuni.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na sisi tuliozaliwa huko tunaijua. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anazuia hiki na kile mpaka akombolewe kwa pesa kidogo, na mfiwa anasahau uchungu wake kidogo. Haruhusiwi mtu kukasirika. Hata akikuchukulia mbuzi, unacheka unamtukana kidogo, yanaisha.

Recho akaja mpaka jikoni. Akaninyang'anya mwiko, akaenda kukaa juu ya rundo la masinia.

Akatangaza kwamba hapaliwi mpaka akombolewe. Mwishehe akasogea, mkono mfukoni, tayari kutoa cha kumkombolea. Recho akamzuia kwa mkongojo, akamtazama kwa jicho la shangazi, akasema kwa sauti ya shangazi:

"Mwishehe mwanangu, wali wa mkeo mkubwa umetiwa chumvi ya hasira. Mimi ndio naenda. Usia wangu ni mmoja. Huyu Mnyamwezi usimwache."

Uwanja mzima ukacheka. Mwishehe, ambaye tangu tufike hakuonyesha jino, alicheka mpaka akashika nguzo ya jiko asianguke. Halafu akajibu:

"Nimesikia, shangazi."

Msomaji, hapo ndipo palipo na ugonjwa wangu. Si usia wa Recho ulioniumiza, ni lile "nimesikia". Lilitoka laini sana. Miaka yote niliyoishi na mwanamume yule hajawahi kuniambia amenisikia kwa sauti ile.

Ningeweza kumjibu Recho kama anavyojibiwa mtani. Ningemwambia Mnyamwezi mbeba mizigo, kabebe ndoo za maji huko. Watu wangecheka, tungepakua. Badala yake nilimwendea, nikavuta mwiko wangu mkononi mwake, nikasema kwa sauti ambayo hata wanaume waliokuwa kule barazani waliisikia:

"Toka kwenye masinia yangu. Mimi si mtani wako. Utani wetu umekufa leo, uzikeni na shangazi yenu. Wateja umeniibia nimenyamaza, sasa unaniibia mume mchana kweupe."

Hakuna aliyecheka tena.

Recho alisimama taratibu. Akavua kanga za marehemu moja moja, akazikunja vizuri, akaziweka kwenye mkeka na mkongojo juu yake. Akanitazama.

"Sawa, mama Ashrafu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu tujuane. Akachukua mkoba wake akaondoka na watu wa Maneromango waliokuwa na gari lao.

Wifi yangu Kidawa, dada yake Mwishehe, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Kidawa hapendi kelele. Aliongea kwa kunong'ona, na ndiyo maana niliogopa.

"Umemkasirikia mtani," akasema. "Tena msibani, tena mbele ya wafiwa. Unajua ulichokifanya?"

Nikamwambia najua, nimesema kweli.

"Basi sikiliza. Tafuta kuku jike, mpelekee kwa mikono yako miwili, umwombe mrudishe utani. Akimpokea, uliyoyasema yamefutika, ni mchezo kama michezo mingine. Usipokwenda, uliyoyasema yanabaki. Na yakibaki, wifi yangu, watu watayashika kama yalivyo."

Nikamwambia siwezi kumpelekea kuku mwizi. Kidawa akaniangalia kwa huruma, akarudi kupakua wali.

Safari ya kurudi nilikaa kiti cha mbele. Mwishehe hakufungua mdomo mpaka Kibaha. Nilikitaka kile kiti tangu asubuhi, na nilipokipata nilitamani ningebaki nyuma na masufuria.

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Mwishehe hakugomba wala hakuninunia. Alikula, alishukuru, alilala. Alibeba vyombo vyangu nikimwambia na hakubeba nisipomwambia. Recho naye hakupita tena mlangoni kwangu kuomba chumvi. Akikutana na mume wangu barabarani hakupiga tena kelele zake za "mume wangu umeniachia nini". Alisema habari, akapita.

Mimi mjinga nikafurahi. Nikasema moyoni, nimemweza.

Furaha yenyewe haikukaa. Mama mmoja wa Tumbi aliyekuwa ameniagiza nipike kipaimara cha mwanawe akasema ndugu zake wameamua kupika wenyewe. Wa arobaini kule mtaa wa Kwa Mathias akasema wamepata mtu wa karibu. Sikushtuka sana, maana biashara ndivyo ilivyo, leo unapanda kesho unashuka. Na nilikuwa bado na shughuli moja kubwa mkononi, ambayo ingenitosha mpaka mfungo.

Ilikuwa ya Bi Mwanamkuu wa Kisarawe mjini, aliyekuwa anamtoa mwali binti yake. Mliokulia huku mnajua shughuli ya mwali ilivyo. Ngoma, vyakula, ukoo mzima, na jirani wa jirani. Ukimpikia mwali na watu wakashiba, jina lako linafika kila kata. Ukiharibu, linafika pia.

Bi Mwanamkuu akanipigia simu niende. Nikavaa dera langu jipya nikijua anataka tupange vyakula. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha kwenye mkeka, akaniletea maji. Nilipoona maji yamekuja bila chai nikajua hapa hapana neema.

"Mwanangu," akasema, "shughuli yangu nimempa mpishi mwingine."

Nikamuuliza nimekosa nini.

"Mwali anatolewa kwa baraka. Mtu aliyevunja utani kwenye msiba simuweki jikoni kwangu. Sikuchukii. Naogopa tu."

Nikataka kumweleza jinsi Recho alivyonichezea. Nikamwambia mwanamke yule amenichukulia wateja mmoja mmoja, anajifanya bosi wangu, watu wananiita mpishi wake. Bi Mwanamkuu akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo sijalisahau.

"Kwani wewe unafikiri mimi nilikujua wapi?"

Hakungoja jibu. Akaendelea.

"Nilimfuata Recho anipambie. Mpishi nilishampata, wa hapahapa Kisarawe. Recho akaniambia kama Maulida hapiki, yeye hapambi. Nikamuuliza Maulida ndiye nani. Akasema ni mke mwenzake, na hakuna anayepika kama yeye kuanzia hapa mpaka Mlandizi."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema hata yule mama wa harusi ya Kibaha ni binamu yake, na yeye naye aliambiwa vilevile. Kumbe ndiyo maana aliniita mpishi wake. Hakunijua kwa jina lingine, maana niliingia ukumbini mwake kwa mdomo wa Recho.

Ungedhani wivu wangu ulikufa pale pale kwenye mkeka. Haukufa. Nakuambia ukweli kwa sababu ukurasa huu nimeahidi kusema ukweli. Kuibiwa na mtu unayemchukia kunauma, lakini kugundua kwamba amekuwa akikulisha kunauma zaidi. Nilitoka kwa Bi Mwanamkuu na aibu usoni na chuki yangu iko palepale, ila sasa haikuwa na pa kusimama.

Nikapitia sokoni Kisarawe. Nikachagua kuku jike mweupe, mnene, nikamfunga miguu kwa kamba ya katani. Njia nzima nilikuwa nayafanyia mazoezi maneno. Recho, nilisema kwa hasira. Recho, turudishe utani. Kwanza yaligoma kutoka, lakini nilipofika Kibaha yalikuwa yameanza kutoka bila kuniuma sana. Nikajiambia tukishamla huyu kuku, akiniita mke mwenzangu nitamjibu kwa matusi ya kitani mpaka achoke. Nikajiambia biashara itarudi, Mwishehe atacheka tena, hata kama anacheka na yeye, bora acheke.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Recho.

Kirikuu ilikuwa imeegeshwa uwanjani kwake.

Asubuhi ile Mwishehe aliniambia anakwenda kubeba matofali. Nilitazama nyuma ya gari. Hapakuwa na tofali wala vumbi la tofali. Palikuwa pasafi, pamefagiliwa.

Nikapiga hodi. Recho akatoka. Hakuwa amevaa nguo za kazi, na hakuwa na lile tabasamu lake la kunisubiri nikosee neno anidake. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, nilimuona mume wangu. Alipomuona kuku mkononi mwangu akainamisha kichwa.

"Karibu, mama Ashrafu," Recho akasema.

Nilikuwa na maneno mengine ya kusema pale, yasiyofaa gazetini. Nikayameza. Nikakumbuka mafundisho ya wifi Kidawa, nikamnyoosha kuku kwa mikono miwili.

"Nimekuja kurudisha utani," nikasema. "Nilisema kwa hasira. Bi Mwanamkuu ameniambia ulivyonitaja kwa watu. Sikujua. Naomba umpokee."

Recho alimtazama kuku. Mikono yake ilibaki kando.

"Ungemleta wiki ile ya msiba ningempokea," akasema. "Ningemchinja tukamla wote watatu, na wewe ningekuchagulia shingo."

"Na leo?"

"Leo nikimpokea nitakuwa nakudanganya."

Nikamuuliza ananidanganya nini. Nilimuona anatafuta pa kuanzia, yeye ambaye hajawahi kukosa neno.

"Mama Ashrafu, mimi nilikuwa nasema yale kwa sababu ni mchezo. Nilikuwa na mume wa kuchezea na mke mwenza wa kuchezea, basi. Nikifika kwangu nafunga mlango nalala. Wewe ukasimama mbele ya watu ukasema si mchezo. Mimi sikukuamini. Lakini mwenzio alikusikia."

Mwishehe alikuwa bado ameinama.

"Juzi alikuja hapa," Recho akaendelea. "Nilidhani kaja kubeba viti. Akakaa hapo alipokaa sasa. Hakucheka. Akaniuliza kama naweza kubadili dini."

Kuku alianza kupiga mabawa, na ndipo nilipojua nimembana shingo. Nikalegeza mikono. Nikamtazama mume wangu, nikisubiri acheke kile kicheko nilichokuwa nakichukia. Siku ile ningekilipia chochote.

"Baba Ashrafu," nikasema, "mwambie anatania."

Akainua uso. Hakuwa na hasira. Ningemuona na hasira ningejua pa kumshika.

"Hatuna utani tena na Recho," akasema. "Ulisema uzikwe na shangazi. Tuliuzika."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi ya mlango wa Recho, kuku mapajani. Recho akachuchumaa mbele yangu, uso wake usawa na wangu. Alikuwa na machozi. Nilitamani awe anajifanya, nikamchunguza vizuri, hakuwa anajifanya.

"Nikikataa," akasema taratibu, "ameniambia anarudi Vihingo kwenye shamba la shangazi yake, na gari analiuza. Hapo wewe hupiki na mimi sipambi. Nikikubali, gari linabaki, kazi inabaki, na wewe unanipata kweli yule mke mwenza. Leo karudi kutaka jibu. Sijamjibu, mama Ashrafu. Nilimwambia kwamba sitamjibu mpaka wewe uingie mlango huu kwa miguu yako."

Akaweka mkono juu ya mgongo wa kuku, bila kumchukua.

"Sasa umeingia. Niambie nimjibu nini."